Nani Kamwiba Mtoto wa Tano wa Shangazi?

Benchi ni ubao mmoja mzito uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha kinyozi, na ng'ambo ya barabara kuna mlango wa buluu wa daktari wa wanyama. Upande mmoja wa ubao huketi Mama Birika na jiko lake la mkaa. Upande wa pili hukaa atakayechelewa. Kijiwe hiki kina sheria moja tu, wala hakuna anayekumbuka ilitungwa na nani: kila kitu hugawanywa kuanzia upande wa birika. Kahawa, karanga, gazeti la jana, hata lawama. Wa kwanza ni Mama Birika mwenyewe. Anafuata Wakili, ambaye si wakili hata kidogo. Anafagia mahakamani, na maneno ya mle ndani yamemganda mdomoni. Kisha Injinia, fundi wa redio na simu, mtu asiyekubali kwamba duniani kuna kitu asichokijua. Kisha Kinyozi, ambaye hukaa benchini akisubiri wateja, na wateja wakija huwaambia wasubiri. Wa mwisho kabisa ni Kufuli, mlinzi wa kiwanda cha mbao, kwa sababu kazi yake humchelewesha. Na asubuhi hiyo alichelewa kuliko siku zote.

Hakuja kunywa kahawa. Alikuja kwa daktari, akakuta mlango wa buluu umefungwa, na mwenye duka la jirani akamwambia daktari ameitwa kwa ng'ombe, atarudi sasa hivi. Basi Kufuli akavuka barabara, akaketi mahali pake, roho iko juu juu. Alfajiri mbwa wake alikuwa amezaa, na kuna jambo lilikuwa haliendi sawa.

Mbwa huyo anaitwa Shangazi. Kwa haki ni mbwa wa kiwanda, lakini kiwanda kizima kinajua ni wa Kufuli. Wamelinda pamoja tangu Shangazi hajamudu hata kubweka. Jina alipewa kwa tabia yake. Ukiingia mikono mitupu, anakutazama tu, karibu mgeni. Ole wako utoke na kitu mkononi! Hata kipande cha ubao cha kuwashia moto, atakusimamia langoni na kunguruma mpaka Kufuli aje aseme, "Mwache, Shangazi. Hajaiba." Wakili aliwahi kupewa kibao cha kuzibia dirisha lake, kapewa kwa halali na tajiri mwenyewe wa kiwanda, akasimamishwa pale langoni mpaka jua likamchoma utosi. Hajasahau. Shangazi naye hajasahau. Mpaka leo akimwona anamngurumia, kabeba kitu au hakubeba.

— Kazaa? Mama Birika aliuliza kabla Kufuli hajakaa sawasawa.

— Kazaa, alfajiri. Ila...

— Wangapi?

— Wanne. Lakini mwenyewe, Shangazi...

— Wanne?!

Walilisema neno hilo wote kwa pamoja, mpaka mteja aliyekuwa ndani kwa Kinyozi, nusu ya kichwa kimenyolewa na nusu bado, akachungulia nje kuona kuna nini.

Na kwa nini wanne iwe habari mbaya? Ni kwa sababu ya ile picha. Shangazi alipoanza kunenepa tumbo, Kufuli alimpeleka kwa daktari, akapigwa altrasaundi. Alinyolewa manyoya kidogo, akapakwa mafuta mazito ya baridi, kikapitishwa kidude juu ya tumbo, na kwenye kioo kikatokea kijivu na weusi, na ndani ya weusi huo vitu vidogo vikipepesa. Daktari, binti asiyependa maneno mengi, alimwambia Kufuli waziwazi: "Nilichotaka kuona nimekiona, mioyo inapiga. Nahesabu watano, lakini idadi usinishikie. Kwa kipimo hiki mmoja anaweza kujificha nyuma ya mwenziwe, au mmoja ukamhesabu mara mbili. Siku akizaa, ukiona anasukuma na mtoto hatoki, au amekataa kula na hawataki wanawe, mlete mbio." Kufuli alisikia yote. Lakini alipofika kijiweni na picha mkononi, kijiwe hakikutaka habari za mioyo wala tahadhari. Kilitaka idadi. Akasema watano. Na benchini walikuwa watano! Wakili akatoa kalamu pale pale, wakagawana madoa ya kwenye picha kuanzia upande wa birika, kila doa likaandikiwa mwenyewe. Tangu siku hiyo kila mtu alikuwa na mtoto wa mbwa, na hakuna aliyekuwa tayari kumpoteza.

— Toa picha, Wakili aliamuru.

Kufuli akaitoa kwenye mfuko wa shati.

— Haya. Huyu wa Mama Birika. Huyu wangu. Huyu wa Injinia. Huyu wa Kinyozi, na huyu hapa pembeni wa Kufuli. Watano, mbele ya mashahidi. Wametoka wanne. Nauliza: mmoja yuko wapi?

— Ndicho ninachotaka kuwaambia, Kufuli akasema. — Tangu wa nne atoke, huyu mama mtu...

— Ngoja, mzee, usivuruge ushahidi.

— Mimi naona kamla, Kinyozi akatia neno.

— Nani kamla nani?

— Mama yake kamla. Mbwa hula watoto wao. Nimesikia.

Kufuli alimgeukia mwili mzima.

— Shangazi? Shangazi ale mtoto wake? Shangazi hagusi hata mfupa ulioanguka chini mpaka aambiwe chukua! Koma, Kinyozi! Koma kabisa!

— Basi bwana, nimetoa wazo tu.

— Mawazo yako yapeleke kwenye vichwa vya watu unavyoviacha nusu nusu.

Mteja aliyekuwa mlangoni akajipapasa upande ambao haujanyolewa, akasema ni kweli.

— Jamani, Injinia akakohoa, akaweka kikombe chini. — Hili ni suala la kiufundi, na nyie mnaliendea kienyeji. Ile mashine haipigi picha kama kamera. Inatuma sauti. Sauti inakwenda, inagonga, inarudi. Sasa sauti ikigonga mara mbili? Kivuli. Huenda mmoja kati yenu hana mtoto wa mbwa. Ana kivuli.

— Nani ana kivuli? Mama Birika akauliza kwa ukali.

— Sijasema nani.

— Wangu si kivuli! Wangu nilimwona ana mgongo kabisa.

— Na wangu ana kichwa! Kinyozi akasema. — Tazama, hiki hapa kichwa.

— Wangu yuko katikati, anaonekana waziwazi, Wakili akasema. — Injinia, doa lako wewe mwenyewe ndilo limefifia. Kivuli ni chako.

— Changu? Injinia alishtuka, nadharia yake ilikuwa imemgeukia. — Aa, hapana. Basi si kivuli. Kuna maelezo mengine.

Kufuli alikuwa ameshika kikombe bila kunywa. Machoni mwake alikuwa akimwona Shangazi juu ya magunia, kwenye ghala la kiwanda, nyuma ya rundo la mbao. Watatu wa kwanza aliwazaa na kuwalamba vizuri. Wa nne alimlamba kidogo tu. Kisha akawa anainua kichwa, anatazama ubavu wake, anasukuma, anaacha. Uji aliuleta mwenyewe Kufuli, wa vuguvugu, kwenye sufuria yake, na Shangazi akaugeuzia uso. Kachoka, Kufuli alijiambia. Lakini hakuamini, na ndiyo maana alikuja kwa daktari.

— Sikilizeni, akasema tena. — Uji kaukataa.

— Nani asikatae uji, Mama Birika akajibu. — Hebu niacheni na mimi niseme, maana limenikaa hapa kooni tangu siku ile mliponiletea hiyo picha.

Mkono wake ulibaki hewani na kikombe cha mtu.

— Mimi nimezaa watatu. Watatu! Sijawahi kuonyeshwa hata doa. Kliniki nilikuwa nakwenda, mashine nikiiona pale kwenye kona, imefunikwa kitambaa. Mbovu. Mwezi unaofuata, mbovu. Mtoto wa pili alikaa vibaya, nikahangaika naye, nimelala sakafuni kwa sababu kitanda kina mwenyewe, mkunga ananipapasa kwa mkono, ananiambia vumilia, mama. Ndiyo picha yangu hiyo! Vumilia, mama! Halafu mbwa, mbwa jamani, anashikwa kichwa asiogope, anapakwa mafuta tumboni, anaambiwa mioyo inapiga. Wangu mimi nani aliuliza kama unapiga?

Wakili alitazama viatu vyake. Ilikuwa kweli tupu. Kufuli ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini:

— Siku hiyo, Mama Birika, ulipokuwa unahangaika na huyo wa pili. Ulikuwa unakula?

— Kula? Nile nini na mtoto amekwama? Hata maji yalinishinda.

Kufuli akaweka kikombe chini, akainuka. Laiti angeondoka hapo hapo! Lakini Wakili naye aliinuka, kwa sababu hapendi mtu mwingine asimame yeye amekaa.

— Keti, Kufuli. Hukumu inasomwa.

— Hukumu gani? Mimi nakwenda kumtazama...

— Inakuhusu wewe. Kwa mujibu wa sheria ya benchi hili, mali yote hugawanywa kuanzia upande wa birika. Aliyetoka kwanza ni wa Mama Birika. Wa pili, wangu. Wa tatu, Injinia. Wa nne, Kinyozi. Kwa hiyo asiyeonekana ni wa mwisho, na wa mwisho ni wako. Sisi wote tumepata. Uliyepotelewa ni wewe.

— Sawa kabisa, Kinyozi akasema haraka.

— Kisheria haina ubishi, Injinia akaongeza, akashusha pumzi.

Kufuli alikaa. Alikaa kwa kishindo mpaka ubao ukaruka upande wa pili na kahawa ikamwagika.

— Mimi? Mimi ndiye niliyekosa? Mbwa wangu! Magunia yangu! Kachanjwa na nani? Kapelekwa kupimwa na nani? Nani kamshikia taa wakati nyie mnakoroma? Halafu mje mgawane wanne wazima wazima, mimi mniachie wa hewani? Mna haya nyie?

— Usitukasirikie sisi, Wakili akasema, sasa kwa upole wa mtu aliyeshinda. — Sisi tuko upande wako. Ulichonacho ni madai, na mdaiwa ni huyo binti wa mlango wa buluu. Yeye kaona watano, kwa macho yake. Yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kuwa na watano. Sheria inamtazama nani?

Hapo ndipo Kufuli alipomsahau Shangazi. Ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Hasira ilimpanda, na akaona ni afadhali hasira kuliko ile hofu aliyokuja nayo.

— Atanieleza, akasema. — Wallahi leo atanieleza!

— Sasa umesema! Na unafikiri yuko wapi saa hizi? Kinyozi akauliza. — Ati kaitwa kwa ng'ombe. Ng'ombe gani?

— Mimi nilimwona akiondoka asubuhi, Mama Birika akasema. — Alikuwa na begi kubwa.

— Begi! Wakili akajipiga gotini. — Lilikuwa linatikisika?

— Alikuwa anatembea. Begi la mtu anayetembea litaachaje kutikisika?

— Wekeni kumbukumbu: begi lilikuwa linatikisika.

— Lakini Shangazi kazaa alfajiri, ghalani, kwangu, Kufuli akasema. — Na daktari hakuwapo. Kamwibaje?

Wote wakamgeukia Injinia. Injinia alikuwa akilisubiri swali hilo.

— Hamkuibiwa leo. Mliibiwa siku ile ile ya kipimo. Fikirini. Kwa nini mafuta? Kwa nini anyolewe manyoya? Kitu cha kutazama tu hakihitaji mafuta. Mafuta ni ya kutelezesha kitu.

— Kitoke kupitia wapi? Mama Birika akauliza.

— Kwenye kidude. Kidude kina waya, waya unaingia kwenye mashine, na mashine nyuma ina nini? Ina droo.

— Ile droo ni ya karatasi za picha, Kufuli akasema, maana aliiona.

— Ndivyo walivyokuambia.

Kinyozi akasema kumbe ndiyo maana Shangazi alionekana kupungua alipotoka pale. Wakili akasema yeye tangu zamani amekuwa akijiuliza kwa nini matajiri wana mbwa wazuri na hawaonekani mbwa wao wakizaa. Injinia akaona wazo lake limefaa, akaliongeza: huenda hata picha yenyewe si ya Shangazi. Mashine huhifadhi picha kama simu. Ukibonyeza vibaya, inatoa ya mgonjwa aliyetangulia.

— Na aliyetangulia siku hiyo alikuwa nani?

Kufuli alikumbuka.

— Paka.

— Paka! Wakili aliishika picha, akaigeuza juu chini. — Jamani, tumegawana paka!

— Mimi sitaki paka, Kinyozi akasema kwa uchungu. — Doa langu lina masikio ya paka, hebu tazama. Tumedanganywa mchana kweupe!

— Akifungua mlango ule tu, Kufuli akasema, na mishipa ya shingo imemtoka, — akifungua tu, naingia wa kwanza. Mwizi mkubwa! Mnyama hasemi, ndiyo maana anamwibia. Angekuwa na mdomo Shangazi...

— Samahani.

Alikuwa mwanamke mgeni, mtu wa makamo, kasimama ukingoni mwa barabara na kikapu chenye kifuniko. Ndani ya kikapu paka alilia mara moja kisha akanyamaza.

— Samahanini jamani. Hii ndiyo foleni ya daktari wa wanyama? Nina paka wangu ana mimba, nataka apigwe picha.

— Usithubutu! Mama Birika akamwambia. — Mwenzako hapa kaingia na watano, katoka na wanne.

Wakamwelezea. Walimwelezea wote kwa mpigo, kila mtu na ya kwake: watano wa kwenye picha, wanne wa alfajiri, begi, droo, mafuta ya kutelezesha. Wakili alimwonyesha madoa na majina. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kikapu amekikumbatia, na walipochoka akauliza kitu kimoja tu:

— Na mama yao yuko na nani?

— Nani?

— Huyo mbwa mwenyewe. Sasa hivi yuko na nani?

Mama Birika alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Injinia. Injinia alimtazama Kinyozi, na Kinyozi alimtazama Kufuli, kwa mpangilio ule ule wa benchi. Kufuli hakuwa na wa kumtazama. Wenye mali wote watano walikuwa wamekaa juu ya ubao mmoja. Alitia mkono mfukoni, akaukuta ufunguo wa ghala. Alifunga mwenyewe wakati wa kutoka, ili watu wasimsumbue mzazi. Hata kama kungekuwa na mtu wa kumwonea huruma, asingeweza kuingia.

— Daktari yumo, yule mama akaongeza, akionyesha kwa kidole. — Dirisha lake liko wazi. Nilidhani mnangoja zamu.

Kufuli alishakimbia.

Walimkuta ghalani amepiga magoti. Shangazi alikuwa amelala ubavu, macho nusu wazi, tumbo likivuta na kuachia bila nguvu, na wanawe wanne wakimlilia chuchuni bila yeye kuwageukia. Mkokoteni wa kubebea mbao ulikuwepo. Kinyozi akatandika kitambaa chake cha kunyolea, wakamwinua wanaume wanne, Injinia ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mama Birika alikuwa ameacha birika jikoni bila mtu, jambo ambalo hajapata kulifanya maishani; akavua mtandio wake, akawafunga humo vitoto, akawabeba kifuani. Walipopita langoni Kufuli aligeuka kumtazama Shangazi. Mtu anatoka na watoto wake, mbele ya macho yake, anavuka nao lango. Shangazi hakunguruma. Hapo Kufuli aliogopa kweli kweli.

Mwanamke mwenye paka alikuwa mlangoni kwa daktari, akawapisha.

— Piteni nyie. Wangu bado.

Daktari alimshika Shangazi fizi, akamgusa tumbo.

— Tangu lini yuko hivi?

— Tangu alfajiri, Kufuli akasema. — Nilikuja. Mlango ulikuwa umefungwa.

— Nimefungua kitambo. Nikawasikia mnapiga kelele pale ng'ambo, nikadhani mnabishana habari za mpira.

Walikuwa wamejipanga ukutani, wale wale waliokuwa wakimngoja wamfanye kitu kibaya, na Wakili alikuwa bado ameshika picha. Aliikunja polepole akaitia mfukoni. Daktari akapaka yale mafuta, akaweka kidude tumboni, akakisogeza chini, chini zaidi, akakituliza.

— Huyu hapa.

— Nani? Mama Birika akanong'ona.

— Wa tano. Amekaa upande upande, kafunga njia.

— Moyo? Kufuli akauliza.

Daktari aliacha kidude pale pale muda mrefu kuliko walivyopenda.

— Wa mama unapiga. Wa mtoto, hapana.

Akanawa, akavaa glavu, akamwambia Kufuli ashike kichwa cha Shangazi na aongee naye, wengine wakae kimya kama wanaweza. Waliweza. Kufuli akainama sikioni mwa mbwa wake, akamwambia maneno ambayo hakutaka wenzake wayasikie, na wenzake wakajifanya hawayasikii. Kazi ilikuwa ngumu, Shangazi akalia mara moja, sauti nyembamba isiyofanana na yake hata kidogo. Mama Birika alifumba macho, akawabana vitoto kifuani.

— Vumilia, mama, akasema, na machozi yakamtoka hapo hapo kwa hasira. — Vumilia, wewe angalau umefika.

Kisha ikaisha. Daktari akachoma sindano, akamtundikia maji, akamsafisha, akaviweka vitoto tumboni pake kimoja kimoja. Akasema atamwangalia mpaka jioni, lakini anaona atapona.

— Daktari, Kufuli akasema. — Ningemleta nilipokuja mara ya kwanza. Ningekungoja mlangoni kwako badala ya pale.

— Sitakudanganya. Labda mtoto angeishi. Labda alikuwa ameshafia tumboni tangu jana. Sijui.

Kilichobaki kilikuwa mezani, kimefungwa kitambaa cheupe, kidogo cha kuingia kiganjani. Daktari akakinyanyua.

— Nani atamchukua huyu?

Asubuhi nzima kila mmoja wao alikuwa na ushahidi kwamba aliyepotea si wa kwake. Sheria ya benchi ilikuwa imeshasema ni wa nani, na Kufuli alijua. Akaanza kuinua mkono wake kutoka kichwani mwa Shangazi.

— Kaa na mgonjwa wako, Wakili akasema. Sauti yake ilikuwa kavu. — Nipe mimi, daktari. Ni wangu.

— Wewe ni wa pili, Injinia akasema kwa kunong'ona.

— Nimesema ni wangu.

Akakipokea kile kitambaa kwa mikono miwili, akaelekea mlangoni. Mezani, Shangazi akafungua macho. Akamwona Wakili, tena Wakili, anatoka na kitu mkononi. Akainua kichwa kwa shida, mrija wa maji ukicheza, akanguruma. Wakili alisimama pale pale kizingitini, kama siku ile ya kibao, asithubutu kusogea.

Kufuli alimwekea Shangazi kiganja shingoni.

— Mwache, Shangazi, akasema. — Hajaiba.